Pua ya Inspekta na Mtumbwi wa Shangazi

Jumatatu, 17 Juni 1957

Leo nimeanza shajara hii kwa sababu mtu wa aina yangu lazima aandikwe, na hapa Garsen hakuna mwingine wa kuniandika. Jina langu Chande. Kazi yangu ni cherehani, barazani pa duka lililo karibu na kivuko. Kipaji changu ni akili.

Habari kubwa. Gari la sinema linarudi Jumamosi! Bwana Laban, mwenye kuliendesha, amepita leo akielekea Hola, akaacha ujumbe mgahawani. Anazo filamu mbili mpya za askari kanzu, moja ya Inspekta Pua na moja ya Kapteni Ngumi, lakini mashine yake siku hizi inapata moto, kwa hiyo itaonyeshwa moja tu, baada ya ile ya kuua mbu. Watu wa Garsen watachagua wenyewe.

Kwangu hakuna la kuchagua. Inspekta Pua tulimwona mwaka jana hapa hapa. Mrefu, mkimya, pua kama mpini wa jembe. Anaingia chumba kilichoibiwa, anafumba macho, ananusa, anakaa kitini, anamtaja mwizi. Hatoki jasho. Hata viatu havishiki vumbi. Nilipomwona nilijua nimemwona ndugu yangu.

Lakini yupo Nzai. Nzai ni Mgiriama, anavuta kamba ya kivuko. Ana mikono ya kuvutia kamba, na kichwa nacho ni cha kuvutia kamba. Aliwahi kukaa Mombasa, akaona huko filamu ya Kihindi ya Kapteni Ngumi, na tangu hapo hatupumziki. Kapteni Ngumi anaruka kutoka juu ya treni. Kapteni Ngumi anaimba juu ya farasi. Kapteni Ngumi haulizi mtu kitu, anamkamata mwizi kwa ukosi na basi. Nilimwambia huyo si mpelelezi, huyo ni kuli. Nzai akasema na Inspekta wangu naye si mpelelezi, ni mtu mwenye mafua. Watu wakacheka kuliko ilivyohitajika.

Dida, mfugaji wa Kiorma anayetuletea maziwa, ana maoni yake. Kwake mpelelezi bora ni yule mbwa aliyeonekana kidogo tu katika filamu ya Inspekta Pua, akamshika mwizi suruali. Anasema mbwa ndiye aliyefanya kazi, mwenye pua alikuwa amekaa. Huwezi kubishana na mtu anayemshangilia mbwa.

Nimerudi nyumbani na mpango. Garsen inahitaji kisa. Kisa chenyewe, cha hapa kwetu, nikitatue kwa kunusa mbele ya watu wote. Baada ya hapo, Jumamosi nani atasimama upande wa Nzai? Tatizo ni moja tu: Garsen haina wezi wa maana. Itabidi nijitegemee.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi. Kisa kimeshatengenezwa.

Nimechagua mtumbwi wa shangazi yangu, Mwanahamisi. Nakula kwake kila siku, kwa hiyo mambo yake nayajua. Mpunga wake uko ng'ambo, umeanza kuiva, naye huvuka kila asubuhi kwenda kufukuza ndege. Mtumbwi wenyewe umepasuka kwa jua. Akivuka, mkono mmoja kafi, mkono mwingine kifuu cha kukumbia maji, na mdomo unaulaani mtumbwi mpaka ng'ambo. Akiukosa nusu siku atapata hata kupumzika. Hilo nimelifikiria kwa huruma.

Alfajiri nimeupeleka kwenye kona ya mkuyu, juu kidogo ya kivuko. Nikaujaza matope, ukazama bila ubishi. Nikaufunga kwenye mzizi kwa utepe mwekundu niliokuta mfukoni. Maji hapo ni ya magoti, nikitaka kuutoa ni kuinama tu. Mbingu ni safi kabisa. Mto hauwezi kupanda. Saa kumi, watu wakija kunywa chai, nitanusa.

Jioni. Mto umepanda.

Hapa kwetu halijaanguka tone. Komora mvuvi anasema imenyesha bara, huko milimani, na maji yamekuja yenyewe kama yanavyokuja miaka yote, na kwamba jambo hilo hata mtoto wa kijiji cha Kulesa analijua. Mimi pia nalijua. Nilikuwa nafikiria mambo makubwa. Adhuhuri maji yalikuwa mekundu, magogo yanapita, na mzizi wa mkuyu hauonekani tena. Kivuko kimesimamishwa.

Shangazi amekuja barazani, leso begani, kifuu bado mkononi. Amemuuliza kila mtu mtumbwi wake uko wapi. Nzai akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: haya, Inspekta, nusa. Watu wote wakanigeukia. Ndicho nilichokitaka, ila si leo. Nimewaambia nimeshikwa na mafua. Nzai alifurahi mno, hata akaninunulia chai.

Jumatano, 19 Juni

Mto umepanda zaidi. Nimetulia. Mtu mdogo angebabaika.

Nzai, kwa kuwa kivuko kimesimama na hana kazi, ameazima mtumbwi wa Komora mvuvi akamvusha shangazi alfajiri. Si kumvusha tu. Amebaki huko naye kutwa, akipiga debe na kurusha udongo kufukuza ndege. Jioni alirudi sauti imemkauka. Mgahawani wakampisha akae. Mtu mmoja akasema huyo ndiye Kapteni Ngumi, haulizi, anatenda. Nikaeleza kwamba kutenda bila kuuliza ndiko kunakojaza watu jela. Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Ili nisionekane nimelala, nikaanza uchunguzi. Nimenusa watu sokoni. Nilianza na Karisa, ambaye alikuja kuulizia kanzu yake ya Idd. Kanzu haijakatwa, kwa hiyo kumnusa kulisaidia mambo mawili kwa pamoja. Akaondoka haraka. Nikamnusa mwuza samaki, nikajifunza kwamba ananuka samaki. Nilipomnusa mama mmoja wa kijiji cha Wenje aliyekuja kuuza ndizi, nilipigwa na mkungu.

Mwishowe nikatangaza mshukiwa wangu: kiboko. Nilimchagua kwa uangalifu. Kiboko hana ndugu wa kuja kulalamika barazani. Dida akauliza kiboko alifunguaje fundo la kamba. Nikasema hiyo ndiyo siri ninayoifuatilia. Dida akasema yule mbwa angekuwa ameshamaliza.

Usiku sikula. Shangazi alirudi amechoka, hakupika. Nimetafuna muhogo mkavu na kuwaza juu ya mateso ya wapelelezi.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya aibu kidogo. Naiandika kwa kifupi.

Shangazi aliniita asubuhi. Alikaa kitandani, hakunikaripia, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema hawezi kula jasho la Nzai kila siku, na Komora naye anautaka mtumbwi wake, ana watoto. Bila mtumbwi wake mwenyewe mpunga utaliwa. Ukiliwa hatakuwa na la kumweka Garsen. Atafunga nyumba, aende Wenje kwa binti yake Mwanaarusi, akakae kwa mkwe kama mgeni mpaka msimu mwingine. Akasema, mwanangu Chande, mimi sitaki kujua nani kaiba. Mimi nataka mtumbwi.

Niliona aibu. Nasema kweli, ilinishika hapa kifuani, na nilikaa nayo mpaka chai ilipoiva. Shangazi ndiye aliyenilea. Akienda Wenje, nyumba itakuwa kuta tu, na mimi na muhogo wangu.

Ningeweza kusema ukweli. Nililifikiria jambo hilo kutoka nyumbani kwake hadi kwenye baraza yangu, ambako si mbali. Kisha nikaona kwamba ukweli bila mtumbwi haumsaidii mtu. Nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mitumbwi, nikaenda kwenye kona ya mkuyu.

Niliuchomeka upondo majini. Ukagusa kitu kigumu. Nikafurahi, nikasukuma. Kile kitu kikasogea chenyewe, kwa hiari yake, na kilikuwa na mkia. Sikumbuki vizuri namna nilivyofika juu ya mkuyu. Upondo ulikwenda na mto. Nzai, aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo, alinikuta juu ya tawi nimelowa mpaka kofia. Akauliza nafanya nini. Nikasema napeleleza. Akauliza nimeona nini. Nikasema siwezi kusema mbele ya umma. Akasogeza mtumbwi, akanishusha, akanipa shati lake kavu. Nzai ana tabia hii ya kumwonea mtu huruma makusudi.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya ushindi! Lakini niipange vizuri, maana ilianza vibaya.

Tulikuwa tunatoka msikitini. Mto umeanza kushuka. Ghafla tukasikia Nzai anaita kutoka kivukoni. Tukaenda wote mbio. Mtumbwi wa shangazi ulikuwa umenasa kwenye kamba ya kivuko, mtupu, msafi, unachezacheza. Maji yalikuwa yameuosha matope mpaka ukainuka wenyewe, ukakata fundo, ukaja chini taratibu mpaka kwa Nzai. Kati ya mahali pote mtoni ulikwenda hapo.

Watu walishangilia. Shangazi aliweka mkono kinywani. Mimi nilishangilia kuliko wote, kwa sekunde chache, mpaka nilipouona utepe mwekundu unaning'inia kwenye tezi, huko nyuma ya mtumbwi.

Nzai akasema mafua sasa yatakuwa yamepona, Inspekta aje anuse. Wakanisukuma mbele. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikanusa utepe. Unanuka mafuta ya cherehani. Nikanusa tena, pengine utabadilika. Haukubadilika. Katika mji huu mzima cherehani ni moja.

Nikasimama kutangaza kiboko. Kabla sijafungua mdomo Karisa akaja karibu, akaushika utepe, akautazama, kisha akatazama kizibao chake mwenyewe, kile nilichomshonea mwaka huu na kukipamba ukingoni. Utepe ule ule. Rangi ile ile. Aligeuza tu ule ukingo watu wauone. Dida akanitazama suruali, na nilijua anamfikiria mbwa.

Nilimwona shangazi anajua. Alikuwa na uso wa Alhamisi, ule usiokaripia.

Lakini hakunijia mimi. Aliingia mtumbwini. Nadhani alitaka tu kuugusa. Akakaa, akakisogeza kifuu miguuni kwa mazoea, akangoja maji yaingie. Akangoja. Hayakuingia. Akapapasa nyufa kwa vidole, kutoka mbele mpaka nyuma, akasema kwa sauti ndogo kwamba zimefunga.

Hapo akili yangu ikarudi, na ilirudi na zawadi. Nikapaza sauti. Nikawaambia ndugu zangu, nani asiyejua kwamba mtumbwi uliopasuka kwa jua huzamishwa na matope mpaka mbao zinywe maji zijae? Nilimwona shangazi yangu anateseka kukumba maji. Nikauzamisha kwa siri ili nimfurahishe. Nikanyamaza hata nilipotukanwa, kwa sababu wema hautangazwi. Nilihisi machozi. Nusu yake yalikuwa ya kweli.

Watu wakamtazama Komora mvuvi. Komora akakuna kidevu. Akasema ni kweli wazee hufanya hivyo, baba yake alikuwa akizamisha mitumbwi kila kiangazi, ila baba yake alikuwa akiwaambia wenye mitumbwi. Nusu ya kwanza ndiyo iliyosikika. Mtu mmoja akanipiga bega. Nzai pekee alikuwa amejiinamia, mabega yanamtikisika. Alikuwa analia kwa kushindwa, au jambo jingine.

Shangazi akanitazama muda mrefu. Akasema ahsante sana, mwanangu. Akasema mtu anayeupenda mtumbwi wake kiasi hicho bila shaka anaupenda na mpunga wake. Kwa hiyo kuanzia kesho nitakaa ng'ambo juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, mchana nifukuze ndege, usiku nifukuze viboko, mpaka mpunga uvunwe. Na sahani ya kwanza ya wali mpya ni ya Nzai. Wote wakakubali bila kuulizwa.

Kwa maneno mengine, nimefanywa msimamizi wa shamba.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haya nikiwa juu ya dungu. Kazi ya usimamizi ni nyingi. Ndege wa hapa hawana adabu, ukiwafukuza upande huu wanakwenda upande ule na kukungoja.

Gari la sinema limefika. Naliona lote kutoka hapa. Bwana Laban amefunga shuka lake jeupe kati ya nguzo mbili za kivuko, limetazama mji, limenipa mimi mgongo. Shangazi aliniletea chakula, akasema atakwenda kutazama, ana miaka hajacheka. Nikamwuliza atasimama upande gani. Akasema upande wenye mkeka.

Baadaye. Giza lilipoingia nilisikia kipaza sauti. Bwana Laban alisema wanaomtaka Kapteni Ngumi wasimame kulia, wanaomtaka Inspekta Pua wasimame kushoto. Nikasimama kushoto, juu ya dungu, peke yangu. Kisha nikasikia kelele, nikasikia jina la Inspekta Pua, na kelele zaidi.

Tumeshinda! Komora mvuvi, aliyekuja kutega karibu na hapa, amenieleza yote. Karibu mji mzima ulikwenda kushoto. Hata Nzai alikwenda kushoto. Alisema Kapteni Ngumi ameshamwona mara nyingi, ila sasa anataka kumtazama tena huyu wa kunusa, pengine mwisho wa filamu itaonekana mwizi ni yeye mwenyewe. Watu wakacheka wakamfuata. Sababu za mtu ni zake. Miguu ilikuwa kushoto.

Nimeitazama filamu yote kwa nyuma ya shuka, kutoka ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyewahi kuitazama. Na nimegundua jambo ambalo mji mzima haulijui: Inspekta Pua anatumia mkono wa kushoto! Anaandika kwa kushoto, anashika kikombe kwa kushoto, hata saa yake iko upande mwingine. Hata maandishi ya Kizungu niliyaona yanakwenda kinyume, jambo ambalo bila shaka ni fumbo la filamu.

Halafu, Inspekta alipokaa kitini ili amtaje mwizi, nikasikia kitu kikubwa kinatafuna nyuma yangu. Kiboko. Yule yule niliyemshuku, nina hakika. Nikashika debe nikalipiga kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele, nikalipiga tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Kiboko akakohoa akaondoka. Mpunga umepona, isipokuwa kipembe kidogo cha shamba. Nilipogeuka, taa ya sinema ilikuwa imezimwa na ng'ambo watu walikuwa wanapiga makelele wakiutazama upande wangu. Nikawapungia mkono.

Jumapili, 23 Juni

Shangazi amekuja mapema na uji wa moto na samaki wa kuchoma. Amevuka bila kifuu. Amezunguka shamba lote, akakitazama kile kipembe, akakaa chini ya dungu. Kisha akasema haendi Wenje wala kokote. Akasema nishuke nile. Sijala uji mtamu kama ule, na macho yaliniwasha kwa moshi wa samaki.

Akaniambia pia kwamba mji mzima una hasira nami. Debe langu liliziba kila neno la mwisho na hakuna aliyesikia mwizi ni nani. Bwana Laban ameshaondoka. Asubuhi hii mgahawani wamegawanyika. Dida anasema ni mpishi, kwa kuwa mbwa hakumpenda mpishi. Nzai anasema ni Inspekta. Nzai anasema vile vile kwamba Inspekta anatumia mkono wa kulia, mji mzima umemwona. Wote wamekosea, na ni mimi peke yangu niliyekuwa upande unaofaa. Itabidi niwathibitishie.

Na njia imekuja yenyewe. Shangazi anasema habari ya nyufa imeenea. Kuna watu wana mitumbwi inayovuja, wanauliza kama Chande anaweza kuwafanyia kama alivyomfanyia yeye. Komora yumo. Hata wa Kulesa wameuliza.

Nimekubali yote. Nitaizamisha kwa pamoja, yote, katika kona ile ile ya mkuyu, bila kumwambia mwenyewe hata mmoja ni siku gani wala ni wapi. Wataamka, hakuna mtumbwi hata mmoja katika mto mzima. Hapo ndipo nitakapokuja mimi, mbele ya Nzai na mbele ya wote, na kunusa, kwa mkono wa kushoto nikishika kikombe.

Safari hii hakuna la kuharibika. Utepe nitatumia mweupe. Nimetazama juu mara mbili: mbingu ni safi kabisa. Mto hauwezi kupanda.